Nilivyomshushia Gari Mama Nyota

Vijana wangu wa spana, naona siku hizi mnapita hapa Katubuka na magari yaliyoshushwa mpaka paka hapiti chini yake bila kujikunyata. Mkinikuta barazani mnanisalimia vizuri, "Shikamoo, Mzee Nyanyua," halafu mkifika kona mnaangua kicheko. Nawasikia. Masikio yangu ni mazima, kilichochoka ni magoti. Basi leo nawapa cha kuchekea mpaka mshibe, maana katika miaka yangu yote ya ufundi nilishusha gari moja tu, na hilo moja niliishia kulishusha mara mbili. Mara ya pili sikukusudia.

Jina la Nyanyua nililipata kwa halali. Zaidi ya miaka thelathini kazi yangu pale Mwanga, nyuma ya soko, ilikuwa kuyainua magari. Mtu ananunua gari dogo la Kijapani, zuri, limekaa chini kwa heshima zake, halafu analipeleka vijijini kufuata mawese na linarudi linaburuza tumbo. Analeta kwangu. Naweka spesa, vile vipande vya raba nene vinavyokaa juu ya springi na kuipandisha bodi, na gari linatoka limesimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Wakati mwingine nilipandisha mbele kuliko nyuma. Mwalimu mmoja alinirudia akilalamika kwamba giza likiingia taa zake hazioni barabara, zinaona vilele vya michikichi. Nilimwambia kosa ni lake, anapita karibu na michikichi mno.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Anzuruni, aliyevuka ziwa kutoka Kalemie akiwa tayari fundi wa malori. Mtu mfupi, mkali, na kila kazi aliijaribu kwa namna moja tu: analipakia gari mzigo. "Usipime gari lenye njaa," alikuwa akisema. "Lishibishe kwanza, ndiyo uliulize linaumwa wapi." Kwa hiyo tulikuwa na madumu kumi na mawili ya maji pembeni mwa gereji, na hakuna gari lililotoka pale bila kupakiwa yale madumu, kuteremshwa mpaka stesheni na kupandishwa tena. Magari ya kwetu yanaishi na mzigo. Leo dagaa wa Katonga, kesho mawese, keshokutwa mashangazi sita wanaokwenda msibani. Mafunzo ya Mzee yalikuwa sahihi kabisa, na nawaomba myakumbuke, maana ndiyo yaliyoniaibisha.

Kabla sijafika huko, niwape moja ya ujana wangu. Zamani hatukuwa na kibano cha springi, ile skrubu ndefu yenye makucha inayoikaza springi ifupike. Tulizifunga kwa waya. Siku moja nilikata waya kabla Mzee hajasema kata. Springi iliruka, ikapita juu ya uzio wa mabati, ikatua kwenye sufuria ya maharage ya mama ntilie jirani yetu. Hakuna aliyeumia ila maharage. Yule mama alikuja ameishika springi kwa kitambaa, inachuruzika mchuzi, akauliza kwa utulivu kabisa, "Nani ameagiza na hii?" Tangu siku ile sijasimama mbele ya springi iliyobanwa, na nyie msisimame. Kaeni ubavuni. Na kibano chenu kikianza kulika meno, kitupeni. Msikipake grisi na kukiombea dua.

Sasa nije kwa Mama Nyota. Alikuwa akiuza mawese soko la Mwanga tangu mimi bado napewa kazi ya kuosha nati kwa mafuta ya taa. Nyumbani kwake ni Ujiji, wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa akipita na dumu la lita ishirini kichwani, mkono mmoja ukiwapungia watu. Mwanawe Rama ndiye aliyerithi biashara, na gari la Rama la milango mitano nililinyanyua mimi mwenyewe, kwa spesa nene kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilijivunia lile gari. Likipita nilikuwa nawaonyesha watu.

Kisha Mama akapatwa na sukari, na kidonda kikatokea mguuni. Hospitali walimwambia aje kusafishwa na kufungwa kila baada ya siku moja, bila kukosa. Akikosa, mguu utakatwa. Rama alinifuata gerejini asubuhi moja, hakukaa hata kwenye benchi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Gari lina nini?"

"Gari halina kitu. Mama hawezi kulipanda."

Akanieleza. Mara mbili za kwanza vijana wa jirani walimbeba, wakamwingiza garini kwa kumshika huku na huku. Mara ya tatu alikataa. Wakamletea kigoda akanyage, kikateleza, nusura aanguke. Wakajaribu bajaji, lakini mguu ule unatakiwa kunyooka, na ndani ya bajaji ulibidi ukunjwe, na kila shimo la barabarani lilimtoa machozi. Tayari alikuwa amekosa kwenda mara mbili.

"Mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Anasema amebeba mizigo maisha yake yote, hatakuwa mzigo wa mtu. Ama aingie mwenyewe, ama mguu uozee nyumbani." Akaligeukia gari. "Fundi, nataka ulishushe gari."

Nilicheka. Ningeweza kulificha hilo, lakini nimeahidi kujisema. Mimi, Nyanyua, nishushe gari? Nilikuwa nikiwaona vijana wenye magari ya chini ni watu wasiojua wanaishi mkoa gani. Nilicheka peke yangu, kisha nikamwona Rama anatazama zile spesa zangu kupitia upenyo wa juu ya tairi, na kicheko kikanikauka. Mimi ndiye niliyempandishia mama yake ukuta.

Siku ileile nilizitoa spesa, gari likarudi kwenye kimo chake cha kiwandani, na mchana tukaenda Ujiji kujaribu. Mama Nyota alitoka na fimbo yake, amekonda, macho ni yaleyale. Akashika mlango wa nyuma wa kushoto, akainua mguu. Haukufika. Akajaribu kukalia ukingo wa kiti kwanza, nao ukampita kimo. Nikainama nikapima pengo kwa vidole: vinne.

"Weye ndo ulolipandisha?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Ulikuwa unamtengenezea nani? Twiga?"

Rama akaagiza springi za kushushia kutoka Dar, zikaja kwenye boksi na basi; siku za kuzisubiri Mama alivumilia bajaji na machozi yake. Springi hizi ni fupi kuliko za kiwandani na ni ngumu zaidi. Shokapu za kwenda nazo, zile fupi, hazikupatikana. Muuzaji aliniambia kwa simu, "Mzee, tumia tu shokapu za kiwandani, kama hushushi sana." Vidole vinne, nikajiambia, si sana. Tena shokapu za Rama zilikuwa nzima, hazivuji hata tone.

Mbele nilifanya kazi ya kumpendeza marehemu Mzee Anzuruni. Nilipima kwa futi tangu katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, nikaandika ukutani kwa chaki, maana bila kipimo cha mwanzo hutajua umeshuka kiasi gani. Nilitumia kibano kizima, nikakaa ubavuni. Ile raba iliyo kwenye shokapu, inayozuia isigote mwisho, niliipunguza kidogo, kwa kuwa sasa shokapu ingekaa imejikunja zaidi ya ilivyozoea. Hata bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini, nilizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini. Hilo nililijifunza kwa aibu. Zamani nilikuwa nakaza kila kitu tairi zikining'inia, gari likishuka raba ya bushi inabaki imejipinda, baada ya muda mfupi inachanika. Katekista mmoja nilimbadilishia bushi mara tatu, na mara zote tatu nililaumu barabara ya kwao.

Nyuma ya lile gari, springi imekaa peke yake na shokapu peke yake. Nikainua, nikafungua, nikatoa springi ya zamani kwa kusukumana nayo. Ile mpya iliingia mahali pake bila kibano, bila jasho, bila hata tusi moja. Niliirudisha shokapu nikasimama naifurahia kazi yangu. Niliona ni ustadi. Mtu aliyenyanyua magari miaka yote hiyo, nikajisemea, hata kushusha kwake kuna baraka.

Vijana, kitu kikiingia kirahisi hivyo, kaeni chini mjiulize.

Nikapakia madumu yote kumi na mawili, nikateremka stesheni, nikapanda. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Halikugonga, halikuyumba. Nikaligeuza tena, nikarudia, nikampungia kila niliyemjua. Ukutani chaki ilisema vidole vinne kamili.

Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali, nami nikasema nitakwenda nao. Nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Msiniulize fundi anavaa shati jeupe kwenda na gari alilolitengeneza kwa nini. Nilikwenda kusifiwa.

Mama Nyota alitoka ndani polepole. Majirani walikuwa wamesimama mlangoni, na wale vijana wa kubeba nao walisogea, Rama akawazuia kwa mkono. Mama akashika mlango, akakalia ukingo wa kiti, akavuta mguu mmoja, akapumua, akavuta na ule mbovu, akaunyoosha. Kiti cha mbele yake tulikuwa tumekisogeza mpaka mwisho. Alipokaa sawa aliufunga mlango yeye mwenyewe, kwa nguvu, kama mtu anayefunga duka lake. Machozi yalinilenga, nawaambia kweli. Nikazunguka upande wa pili nikakaa naye nyuma.

"Aksanti, Fundi," akasema. "Leo umefanya kazi."

Njia nzima kutoka Ujiji nilikuwa nimeinua kidevu. Nilimweleza habari za springi, za shokapu, za chaki. Aliitikia "ehee" kila nilipopumua. Tukafika kwenye lango la hospitali, ambapo mvua ilikuwa imechimba mtaro unaokatiza barabara. Rama, kwa kuogopa kugonga chini, akauingia kwa upande, tairi moja moja, taratibu, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Tairi la mbele la kulia likazama. La nyuma la kushoto, upande wa Mama, likabaki linaning'inia hewani.

Nikasikia kitu kinasema *klenk*. Rama akasogeza gari, likatoka mtaroni, na pembe ya Mama ikaketi chini kwa kishindo. Gari zima likainama upande mmoja na kugoma, katikati ya lango, na nyuma yetu pikipiki zikaanza kupiga honi.

Niliufahamu ule mlio kabla sijashuka. Springi ilikuwa imechomoka kwenye kitako chake na kulala pembeni. Lakini aliyenitisha alikuwa Mama Nyota. Mlinzi wa lango alikuwa anakuja mbio na wenzake wawili, mikono imeshatangulia, na niliuona uso wa Mama ukijifunga. Nikajua wakimshika tu atasema turudi nyumbani, na hiyo itakuwa mara ya tatu kukosa. Mguu wake ulikuwa unaniponyoka mikononi, mimi na shati langu jeupe.

"Msinishike," akawaambia wale wanaume. Wakasimama.

Akafungua mlango. Akatazama chini. Pembe yake ilikuwa imeshuka sana hata ardhi ilikuwa pale pale miguuni. Akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akashika fimbo, akasimama. Hakuna aliyemgusa. Akanigeukia.

"Fundi, nilisema ulishushe. Sikusema ulizike." Akapiga hatua, akasimama tena. "Ila kimo ndo hiki. Vile vidole vyako vinne bado nilikuwa najivuta."

Akaenda kufungwa kidonda kwa miguu yake, Rama akimfuata nyuma bila kumsogelea, na mlinzi akibeba mkoba wake tu.

Mimi nikaingia chini ya gari. Lile shati sikulivaa tena. Nilipiga jeki bodi mpaka tairi likaning'inia, nikairudisha springi mahali pake, kisha nikaishika. Ikazunguka. Niliizungusha kwa vidole viwili, kama mtu anavyozungusha kifuniko cha dumu kisichokazwa. Pale kwenye vumbi ndipo nilipoelewa. Shokapu ya kiwandani ni ndefu, nayo ndiyo inayoamua tairi lining'inie mpaka wapi. Inaliachia tairi lishuke mbali kuliko springi fupi inavyoweza kufika. Springi inabaki imesimama tu, haijabanwa na kitu. Ndiyo maana iliingia kirahisi. Ustadi wangu wote ulikuwa ni ule ulegevu.

Na kwa nini sikuuona? Kwa sababu maisha yangu yote nililipima gari likiwa limeshiba. Madumu kumi na mawili yaliikandamiza ile springi, ikatulia kimya kama mtoto aliyefumaniwa. Hakuna siku hata moja niliyowahi kuuliza tairi lisilobeba kitu linafanya nini. Nchi yetu yote ni mizigo, nani angewaza tairi tupu? Basi mimi nawaambia: shibisheni gari kama alivyosema Mzee Anzuruni, kisha litueni mzigo wote, liinueni, tairi zining'inie, muishike kila springi kwa mkono. Ikizunguka, hamjamaliza. Tafuteni shokapu fupi, au wekeni springi isiyoshusha sana, inayobaki imebana hata tairi likiwa hewani. Na hata ikibana, shokapu ya kiwandani mnayoikunja hivyo mtaichosha mapema. Itazameni kila mara kama haijaanza kutoa jasho la mafuta.

Siku ile niliifunga springi na waya kwenye kitako chake. Ndiyo, waya, baada ya miaka yote ile tangu maharage. Tukarudi Ujiji kwa mwendo wa maiti. Karibu na nyumbani Mama akaanza kuipapasa sponji ya kiti alichokalia.

"Fundi," akasema, "hili godoro hapa chini yangu nene hivi la nini?"

"La starehe, Mama."

"Mimi nimekalia benchi la soko miaka yote. Sihitaji starehe. Si ulikate?"

Rama alianza kutikisika mabega kule mbele, kisha akashindwa kujizuia. Springi kutoka Dar, simu, chaki, madumu, shati, na jibu alikuwa amelikalia. Kesho yake nilikitoa kile kiti, nikakipeleka kwa fundi wa makochi pale Mwanga, akakipunguza sponji vidole vitatu kwa kisu cha mkate. Zilipofika nyingine kutoka Dar, nyuma niliweka springi za kushusha vidole viwili tu, nikalining'iniza gari mpaka Rama akachoka kuniangalia, nikazishika. Hazikuzunguka. Vidole viwili na vitatu ni vitano, kimoja zaidi ya nilivyovipima mimi. Mama alikwenda hospitali kila baada ya siku moja, akiingia mwenyewe, akitoka mwenyewe, akifunga mlango kwa kishindo. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Mguu ulibaki.

Hayo yalipita, nikastaafu, na magoti yangu yakaanza kudai ya kwao. Wiki iliyopita nilikuwa Mwanga sokoni, jua limewaka, nasubiri wa kunifikisha nyumbani. Akasimama rafiki yangu mmoja, gari lake nililinyanyua kwa mikono hii. Nikashika mlango, nikainua mguu. Haukufika. Akasimama na mwingine, na hilo pia ni langu. Nikashindwa. Watu wawili wakaja kunishika kwapani, mmoja ni katika nyie nyie mnaocheka kwenye kona, simtaji. Nikasema hapana, nitasubiri, jua zuri. Nilikuwa naongopa. Nilikuwa nimeona aibu mpaka masikio yanawaka.

Kisha likasimama gari la milango mitano, chini kidogo kuliko mengine. Kioo cha nyuma kikashuka.

"Mwakeye, Fundi," akanisalimia Mama Nyota. "Umeota hapo?"

"Nasubiri, Mama."

Alinitazama, akawatazama wale waliosimama na mikono yao tayari. Akajisogeza upande wa pili, akaniachia kile kiti chake kilichokatwa. Rama alikuwa ameshafungua mlango wake ashuke kunisaidia.

"Kaa hapo hapo, Rama," akamwambia. "Mwache aingie mwenyewe."

Nikakalia ukingo wa kiti, nikavuta mguu mmoja, nikapumua, nikavuta wa pili. Kisha nikaufunga mlango.